Kupima tope la Mto Zigi kabla halijatua Mabayani: mwongozo kamili

Mtu akifungua bomba jijini Tanga, Ngamiani au Chumbageni, maji yanayotoka yamepita Bwawa la Mabayani, na bwawa hilo hulishwa na Mto Zigi unaoshuka kutoka milima ya Usambara Mashariki. Tangu bwawa lilipojengwa mwaka 1978, kila msimu wa mvua mto huu umekuwa ukileta vitu viwili kwa pamoja: maji tunayoyataka na udongo tusioutaka. Udongo ule ukitua chini ya bwawa, nafasi ya maji inapungua. Usipotua, unafika kwenye mtambo wa kusafisha maji na kula dawa.

Watu wengi wanazungumzia tope la Zigi. Wachache wanalipima, na miongoni mwao wengi wanalipima siku ambazo halipo. Nami nilifanya kosa hilo. Mwaka wangu wa kwanza kazini tulikuwa na ratiba safi kabisa: kila Jumatatu, saa tatu asubuhi, chupa moja. Tulikusanya chupa za mwaka mzima, tukachora jedwali, likaonyesha mto msafi. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma kina cha mto kwa miaka mingi aliliangalia jedwali lile, akaniambia, "Mwanangu, siku mto ulipopanda hadi kwenye ule mwembe, hamkuwepo." Alikuwa sahihi. Mto ule ulikuwa umepanda usiku wa Alhamisi na kushuka kabla ya Ijumaa adhuhuri.

Ndiyo maana mwongozo huu, ingawa unaeleza kazi yote tangu mtoni hadi kwenye hesabu, utakaa sana kwenye mafuriko. Angalia mfano huu wa hesabu, kisha utaelewa sababu. Siku ya kiangazi, tuseme mto unapitisha mita za ujazo 2 kwa sekunde na kila lita ina miligramu 15 za udongo. Mzigo wa siku nzima ni tani 2.6 hivi. Siku ya mafuriko, tuseme mita za ujazo 12 kwa sekunde na miligramu 640 kwa lita. Mzigo ni tani 664. Siku moja ile imebeba sawa na siku 256 za kiangazi, yaani miezi minane na nusu. Ukiikosa siku hiyo, umekosa karibu kila kitu.

Unachopima ni nini hasa

Udongo unaobebwa na mto huitwa mashapo. Kuna mashapo yanayoelea, yaani yale yaliyoinuliwa na msukosuko wa maji na kusafiri nayo, na kuna yale yanayobingirika chini kwenye sakafu ya mto: mchanga mzito, changarawe, mawe. Mwongozo huu ni wa yale yanayoelea. Yanayobingirika yana vifaa vyake na taabu zake, wala usidhani chupa itayakamata.

Ndani ya mashapo yanayoelea nako kuna tofauti inayoamua namna ya kuchota. Mfinyanzi na vumbi laini, chembe zilizo chini ya mikromita 63, husambaa karibu sawasawa kuanzia juu ya maji hadi chini. Mchanga hausambai hivyo. Hujaa karibu na sakafu na kuwa haba juu, na pia huwa mwingi katikati ya mto penye kasi kuliko pembezoni. Kwa hiyo mtu anayetumbukiza ndoo ukingoni anapata mfinyanzi wa kutosha ila mchanga anaukosa. Kwenye Zigi wakati wa maji makubwa mchanga huo upo, na ndio unaotua kwanza pale mto unapoingia bwawani.

Maneno matatu yatarudi mara kwa mara. *Ukolezi* ni uzito wa udongo mkavu katika lita moja ya maji, kwa miligramu. *Mtiririko* ni mita za ujazo za maji zinazopita kila sekunde. *Mzigo* ni zao la viwili hivyo, na ndio unaojaza bwawa. Ukolezi mkubwa kwenye kijito chembamba unaweza kuwa mzigo mdogo kuliko ukolezi wa wastani kwenye mto uliojaa.

Ruhusa na mahali pa kusimama

Kwanza, watu. Rasilimali za maji nchini zinasimamiwa kwa mabonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na Zigi iko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Waone kabla ya kufunga kitu chochote mtoni. Ukipima karibu na bwawa, waone pia Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, na ukipanda juu kuelekea Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, waone wahifadhi. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na ueleze unachofanya kwa lugha ya kawaida. Nguzo yenye chupa isiyojulikana ni ya nani haimalizi wiki mbili. Nguzo ambayo vijana wa kijiji wamesaidia kuisimika inalindwa.

Mahali penyewe pawe na sehemu ya mto iliyonyooka, tuseme mara tano ya upana wake, isiyo na mawe makubwa yanayozusha mizunguko ya maji. Pawe juu ya bwawa vya kutosha kiasi kwamba maji ya bwawa likijaa hayarudi nyuma na kutuliza mto. Mto uliotulizwa umeshaanza kuangusha mchanga wake, na ukipima hapo unapima kilichobaki. Ukiwa chini ya makutano, kwa mfano chini ya pale Kihuhwi inapoungana na Zigi, teremka hadi rangi mbili za maji zimekuwa moja. Baada ya mvua utaziona kwa macho: mto mmoja mwekundu, mwingine wa kahawia, vinakwenda bega kwa bega mwendo mrefu kabla ya kuchanganyika.

Daraja ni neema. Daraja linakuwezesha kupima mto uliojaa bila kuingia majini, hivyo ukiwa na mahali pawili pazuri, chagua penye daraja. Iwapo tayari kuna rula ya kusomea kina cha maji, chagua hapo bila kufikiri mara mbili, kwa sababu kumbukumbu za miaka iliyopita zitaungana na zako.

Usalama, kabla ya jambo jingine lolote mtoni

Zidisha kina cha maji kwa mita na kasi yake kwa mita kwa sekunde. Jibu likikaribia 1, usiingie. Maji ya kina cha sentimita 80 yanayokwenda mita 1.2 kwa sekunde yanakaribia kikomo hicho, na yanaonekana ya kawaida kabisa kwa mtu aliyesimama ukingoni. Usipime peke yako. Vaa jaketi la kuokolea hata ukiwa juu ya daraja. Mmoja wenu kazi yake iwe kuangalia upande wa juu tu, kwa ajili ya magogo, kwani mafuriko ya Zigi hushuka na miti mizima. Waulize wenyeji kuhusu mamba, na jibu lao lizidi hamu yako. Penye maji yaliyotuama kuna hatari ya kichocho, kwa hiyo vaa viatu virefu vya mpira.

Vifaa

Kichota sampuli bora ni kile kilichobuniwa mahsusi kwa kazi hii: umbo la samaki, la chuma au shaba, ndani yake chupa ya karibu nusu lita, mbele mdomo mwembamba unaotazama mkondo, na tundu la kutolea hewa. Kwa mto unaoweza kuvukwa kwa miguu, aina inayojulikana sana duniani ni DH-48, inayoshikwa kwa fimbo. Kwa darajani kuna vizito zaidi vinavyoshushwa kwa kamba au winchi. Siri yao ni moja: maji yanaingia mdomoni kwa kasi ile ile ya mto. Maji yakiingia polepole kuliko mto, mto hugeuka kukipita chombo lakini chembe nzito za mchanga haziwezi kugeuka haraka hivyo, zinaingia, na sampuli inakuwa na mchanga kupita kiasi. Maji yakiingia kwa kasi kuliko mto, hutokea kinyume chake.

Huna uwezo wa kununua? Chukua chupa ya plastiki ya lita moja, ifunge kwenye fimbo pamoja na uzito wa chuma, kizibo cha mpira kitobolewe matundu mawili: moja la mrija wa kuingizia maji unaotazama mbele, jingine la mrija wa kutolea hewa unaotazama nyuma. Kwa mfinyanzi itakupa jibu la karibu. Kwa mchanga haitakuwa sahihi, na daftari liseme wazi ulitumia kifaa gani. Naipendelea chupa hii ikitumika kila mafuriko kuliko kifaa cha mamilioni kinachofungiwa stoo kisiharibike.

Vingine: kipima kasi ya maji chenye propela, tepu ndefu au kamba yenye alama, saa inayohesabu sekunde, chupa za ziada, kalamu isiyofutika, na daftari lenye jalada gumu. Kwenye daftari andika muda kwa saa 24. Hili si dogo. Nimeona "saa 3" iliyoandikwa mtoni kwa Kiswahili ikaingizwa kwenye kompyuta kama saa tisa usiku, na kilele cha mafuriko kikasogea kwa saa sita. Mafuriko ya saa tatu usiku yaandike 21:00.

Kupima mtiririko

Hapa nitapita upesi kwa kuwa mafundi wengi wanalijua. Nyosha tepu kutoka ukingo hadi ukingo. Gawa mto vipande 20 hadi 25, kiasi kwamba hakuna kipande kimoja kinachobeba zaidi ya asilimia 10 ya maji yote. Katika kila kipande pima kina, kisha kasi. Kina kikiwa chini ya sentimita 75, pima kasi mara moja kwenye sehemu ya 0.6 ya kina ukihesabu kutoka juu. Kina kikizidi, pima kwenye 0.2 na 0.8 na utafute wastani. Upana mara kina mara kasi, jumlisha vipande vyote, umepata mtiririko.

Pale ambapo mto umefura na kipima kasi hakiwezi kushuka, tumia maelea. Chungwa linafaa sana, na Muheza machungwa hayajawahi kutuishia: linazama karibu lote, upepo haulisukumi, na linaonekana. Pima muda linaotumia kwenye umbali unaojulikana, rudia angalau mara tano katika sehemu tofauti za upana wa mto, kisha zidisha kasi kwa 0.85 kwa sababu maji ya juu huenda upesi kuliko wastani wa kina chote.

Kila kipimo cha mtiririko kiende pamoja na usomaji wa rula. Ukishakuwa na vipimo vingi kwenye vimo mbalimbali vya maji, unachora mstari wa kimo dhidi ya mtiririko, na tangu hapo kusoma rula peke yake kunakupa mtiririko.

Kuchukua sampuli kwa upana sawa

Njia ninayoifundisha ni ya kugawa mto vipande vyenye upana sawa, 10 hadi 20. Mto wenye upana wa mita 15, gawa vipande 10 vya mita 1.5. Unachota katikati ya kila kipande: mita 0.75, 2.25, 3.75 na kuendelea.

Nenda kwanza kwenye kipande chenye kina kirefu na kasi kubwa kuliko vyote. Hapo ndipo utakapoamua mwendo wa kushusha na kupandisha kifaa, na mwendo huo utautumia ule ule katika vipande vyote. Kanuni ni mbili. Mwendo usizidi 0.4 ya kasi ya wastani ya maji mahali hapo. Na chupa isijae. Kwa chupa ya karibu nusu lita, lenga mililita 350 hadi 420, basi. Chupa ikijaa hadi juu, maji yanaendelea kupita ndani yake na kuacha mchanga nyuma, na sampuli hiyo ni ya kumwaga na kurudia.

Hesabu ni rahisi. Mdomo wenye kipenyo cha milimita 6 una eneo la milimita za mraba 28. Maji yakienda mita 1 kwa sekunde, yanaingia mililita 28 kila sekunde, hivyo mililita 400 zinapatikana kwa sekunde 14. Kina kikiwa mita 1.5, kushuka na kupanda ni mita 3, na mita 3 kwa sekunde 14 ni mita 0.21 kwa sekunde. Hiyo iko chini ya 0.4, kwa hiyo inakubalika. Mto ukiwa wa kina kirefu zaidi na jibu likizidi kikomo, badilisha mdomo uweke mwembamba.

Sasa shusha kifaa bila kusita hadi kiguse sakafu kwa wepesi, kisha papo hapo kipandishe kwa mwendo ule ule. Usikiache chini hata sekunde moja, na usikibamize. Kikichimba sakafu kinachota mchanga uliolala, na chupa moja ya namna hiyo inaharibu wastani wa mto mzima. Utaitambua: mchanga mwingi unaotua kwa sekunde mbili tu chini ya chupa wakati wenzake hawana. Irudie.

Kwa kuwa mwendo ni ule ule kila mahali, vipande vyenye maji mengi vinatoa sampuli kubwa na vyenye maji machache vinatoa ndogo. Hiyo ndiyo sababu unaweza kuzichanganya zote zikawa sampuli moja, na ukolezi wake ukawa ule wa mto mzima, kila sehemu ikiwa imehesabiwa kwa uzito wa maji yake. Mwendo ukiubadilisha katikati, uzuri wote huo umepotea.

Jua pia kuwa mdomo wa kifaa haufiki kabisa sakafuni. Kwa DH-48 sentimita 9 za chini hazichotwi. Kwenye maji ya kina cha nusu mita hilo ni pengo kubwa, na ripoti ilitaje.

Andika kwenye chupa, si kwenye kizibo, kwani vizibo hubadilishana: jina la mahali, tarehe, muda, kimo cha rula, namba ya kipande. Zitunze gizani na penye ubaridi. Jua la Tanga likiipata chupa siku mbili, mwani unaota ndani na unaupima kama udongo.

Kuyakamata mafuriko

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe.

Mvua ya Amani, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, inashuka kwenye miteremko mikali, na mto hupanda kwa saa chache. Pia tope huwa halifuatani na maji sawasawa. Mara nyingi ukolezi hufika kileleni kabla ya maji kufika kileleni, kwa sababu mvua ya mwanzo husomba udongo uliokuwa umelegea mashambani na barabarani. Kwa kimo kile kile cha rula, maji yanayopanda yanaweza kuwa na tope mara kadhaa ya maji yanayoshuka. Mtu anayefika asubuhi mafuriko yakiwa yameanza kushuka anapima nusu nyepesi.

Dawa ya kwanza ni chupa zinazongoja. Simika nguzo ya chuma kando ya mto, ishindiliwe kwa zege, iegemee mti imara au msingi wa daraja. Funga juu yake chupa nne hadi sita, moja juu ya nyingine, kila moja ikipishana sentimita 30 hivi na mwenzake. Kila chupa ina kizibo cha mpira chenye mirija miwili ya shaba iliyopindwa kama shingo ya bata. Mrija wa maji mdomo wake unatazama mkondo. Mrija wa hewa unapindwa juu zaidi. Maji yanapopanda na kufunika kile kipindo cha mrija wa maji, maji humiminika ndani na hewa hutoka kwa mrija wa pili. Chupa ikijaa na maji kuuziba mrija wa hewa, kuingia kunakoma. Usiku mzima, bila mtu, nguzo inakuwekea sampuli za mto unaopanda, kila moja kwenye kimo kinachojulikana. Gharama yake ni ya fundi wa kuchomelea na duka la vifaa vya friji, ambako mirija ya shaba inapatikana.

Kasoro yake ni kwamba inachota kando tu na kwa kimo kimoja cha maji, hivyo mchanga inaukamata kidogo. Kila upatapo nafasi, chota kwa upana sawa wakati ule ule chupa moja ya nguzo inapojaa, ulinganishe. Baada ya jozi kumi hivi utajua uzidishe kwa ngapi.

Dawa ya pili ni mtu. Mtafute anayeishi karibu na mto, mwenye simu, umfundishe, umlipe kwa kila sampuli ya mafuriko wala si kwa mwezi. Makubaliano yawe wazi: rula ikipita alama nyekundu, anachota kila baada ya dakika 30 maji yakiwa yanapanda, kila saa yakiwa yanashuka, kutoka juu ya daraja, na kamwe si ndani ya maji. Mweleze pia kwa nini. Mama mmoja tuliyefanya naye kazi alipoelewa kuwa tunatafuta ule mwanzo mwekundu, alianza kupiga simu akisikia radi upande wa milimani, kabla rula haijasogea.

Kuna tope jingine ambalo halisubiri mvua. Miaka ya 2000 wachimbaji wadogo wa dhahabu waliingia kwenye vijito vya Amani na kando yake. Ukikuta rula imetulia, hakuna mvua, na maji yamekuwa ya rangi ya maziwa ya chai, mtu anachimba au kuosha udongo juu yako. Chota, andika muda, kisha panda mto ukichota kwenye kila kijito. Kati ya chupa safi na chupa chafu ndipo palipo chanzo. Mahali dhahabu inaposafishwa zebaki inaweza kutumika, hivyo vaa glavu na usinywe.

Maabara

Pima uzito wa chupa nzima ikiwa na maji, baadaye pima chupa tupu. Gramu moja ya maji ni mililita moja kwa kazi yetu, na hivyo ujazo umeupata bila kumimina.

Chukua karatasi chujio za nyuzi za kioo, zenye matundu ya karibu mikromita 1.5 au pungufu. Zisuuze kwa maji yaliyotoneshwa, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 103 hadi 105 kwa saa moja, zipooze ndani ya chombo kilichofungwa chenye silika jeli, yaani punje za kunyonya unyevu, zipime kwa mizani inayosoma hadi gramu 0.0001. Chuja sampuli yote kwa msaada wa pampu ya kunyonya hewa. Nasema yote. Maabara nyingi za maji zimezoea kuitikisa chupa na kunyonya sehemu yake tu kwa bomba, na kwa maji taka hilo linatosha. Kwa mto, mchanga hutua ndani ya sekunde kadhaa baada ya kutikisa, sehemu iliyonyonywa inakuwa na mchanga pungufu, na bwawa linaonekana salama kuliko lilivyo. Waambie mapema, kwa maandishi.

Suuza chupa hadi chembe ya mwisho, mimina kwenye chujio, rudisha kwenye oveni kwa saa moja au zaidi hadi uzito usibadilike, pooza, pima. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi. Karatasi iliyotoka kwenye oveni ikitembezwa wazi chumbani huanza kunyonya maji mara moja, na tarakimu za mwisho za mizani zitapanda mbele ya macho yako. Ukiona zinapanda, rudi kwenye silika.

Mfinyanzi mwekundu wa Usambara huziba karatasi. Iache chupa itulie siku moja au mbili gizani, chuja kwanza maji ya juu, kisha tope la chini, ukitumia karatasi mbili au tatu ikibidi na kujumlisha.

Kama huna mizani ya namna hiyo, mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01 ina kazi yake kwenye mafuriko. Lita moja yenye miligramu 500 ina nusu gramu, na kosa la mizani ni asilimia 2. Lita moja ya kiangazi yenye miligramu 20 haipimiki kwa mizani hiyo, wala usijaribu.

Hesabu

Karatasi ilikuwa gramu 0.1286, sasa ni 0.3526. Tofauti ni gramu 0.2240, yaani miligramu 224. Sampuli ilikuwa mililita 350, sawa na lita 0.350. Gawanya: miligramu 640 kwa lita.

Mzigo wa siku kwa tani ni mtiririko mara ukolezi mara 0.0864. Mtiririko ukiwa 12: 12 × 640 × 0.0864 = 664. Wakati wa mafuriko usitumie siku, tumia saa, na kizidisho ni 0.0036. Mto wenye mita za ujazo 40 kwa sekunde na miligramu 2,100 kwa lita unapitisha tani 302 kwa saa moja tu. Jumlisha saa zote za mafuriko. Kutafuta wastani wa ukolezi wa mwaka na kuuzidisha na wastani wa mtiririko ni kosa, kwa sababu tope jingi na maji mengi huja pamoja na wastani unawatenganisha.

Siku ambazo huna sampuli zinajazwa kwa mchoro. Weka mtiririko kwenye mhimili mmoja na ukolezi kwenye mwingine, vyote kwa skeli ya logi (logariti), upitishe mstari. Chora mstari wa maji yanayopanda peke yake, na wa maji yanayoshuka peke yake. Kisha fanya sahihisho ambalo wengi hulisahau: mstari uliopitishwa kwenye logi, ukirudishwa kwenye miligramu, hutoa jibu dogo kuliko ukweli. Kwa kila nukta gawanya ukolezi uliopimwa kwa ule uliokadiriwa na mstari, tafuta wastani wa majibu hayo, na uzidishe makadirio yako yote kwa wastani huo. Mara nyingi ni 1.2, 1.4, hata zaidi. Kuliacha ni kufuta sehemu kubwa ya mzigo kwa kalamu.

Kipima tope cha kielektroniki, kinachosoma NTU, kinaweza kukaa mtoni na kusoma kila dakika 15, nami nakipenda kwa kazi hiyo. Lakini NTU ni kipimo cha mwanga unavyotawanywa, na mfinyanzi huutawanya kuliko mchanga wa uzito ule ule. Namba yake haina maana ya miligramu mpaka uilinganishe na sampuli za mto huo huo, na ulinganisho wa Zigi usiupeleke Pangani. Kioo chake kifutwe kila wiki, mwani hauna subira.

Kulinganisha na bwawa lenyewe

Tani ulizozipata zigeuze kuwa nafasi. Ukichukua tani 1.2 za udongo mkavu kwa kila mita ya ujazo, tani 664 zinachukua mita za ujazo 553, yaani safari 79 za lori la mita za ujazo 7. Tope jipya la mfinyanzi ni jepesi kuliko hapo na litachukua nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo chota udongo wa bwawani upime uzito wake badala ya kuazima namba. Pia si udongo wote hubaki. Chota sampuli pale maji ya ziada yanapomwagikia ng'ambo ya ukuta, uondoe kile kinachotoka.

Kisha, kila baada ya miaka michache, pimeni kina cha bwawa kwa boti na kifaa cha mwangwi, kwa mistari ile ile. Udongo uliokadiriwa mtoni na udongo uliokutwa chini ya bwawa ukipishana sana, anzia kutafuta kosa kwenye usiku ambao hukuwa na chupa.

Masika huanza Machi. Zege la nguzo linahitaji wiki kadhaa kukomaa, mirija ya shaba inapaswa kujaribiwa kwenye pipa la maji, na yule atakayechota usiku anahitaji kufanya mazoezi mchana angalau mara tatu. Hesabu nyuma, na uwe mtoni na koleo mwishoni mwa Januari.